Kipimo si Ridhaa: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wanaoamua Juu ya Msitu na Mto wa Tshopo

Maagizo haya yanamhusu kila anayekuja na karatasi ya kusainiwa katika mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: waziri wa mkoa, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, bwana wa mradi aliyeshuka jana uwanja wa Bangboka, mwenye kampuni ya mbao, chefu wa sekta, hata mwandishi wa habari aliyezoea posho ya semina. Anayetaka kubembelezwa atafute maandishi mengine.

Ugonjwa wetu una sura mbili. Kuna mtu mwenye vipimo. Amepima miti, ana ramani ya satelaiti yenye rangi nzuri, na kwa sababu ana vipimo anaona hakuna haja ya kuuliza mtu. Halafu kuna mtu mwenye sahihi. Ameita mkutano kijijini, amegawa soda na chumvi, amerudi Kisangani na orodha ndefu ya majina na alama za vidole, na kwa sababu ana sahihi anaona hakuna haja ya kupima kitu. Wote wawili hukutana ofisini katika komuni ya Makiso na kupongezana.

Sayansi hueleza nini kitatokea tukifanya hivi au vile. Haisemi ni nani abebe hasara, wala kama hasara hiyo inabebeka. Hilo la pili ni neno la watu wanaoishi pale. Na watu wanaoishi pale, hata wakubali wote kwa kauli moja, hawawezi kwa kukubali kwao kuiondoa zebaki ndani ya samaki. Kwa hiyo usitumie moja kuziba pengo la lingine.

Fanya: soma sheria kabla ya kushika kipaza sauti

Hatuna uhaba wa sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, kisha kinamtwika wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na katika kifungu cha 24 inadai uchunguzi wa umma kabla ya mradi wowote unaoweza kuyadhuru. Amri namba 14/019 ya Agosti 2014 inaeleza taratibu zenyewe, na Shirika la Mazingira la Kongo, ACE, liliundwa mwaka huohuo ili kuzisimamia tathmini hizo.

Kabla maana yake ni kabla. Tingatinga likifika Banalia wiki mbili mbele ya karatasi, karatasi ile haina kazi tena isipokuwa kulifunika kosa. Afisa anayeisaini ajue anasaini nini.

Usiite tangazo mashauriano

Utaratibu tunaujua sote. Gari jeupe linafika saa tano, mkutano ulipangwa saa tatu. Mtu mmoja anaongea Kifaransa, mwingine anatafsiri kwa Kilingala, na wanawake waliokaa nyuma, wanaoongea Kimbole au Kilokele nyumbani kwao, wanasikia nusu. Maswali ni matatu, na la tatu linakatwa kwa sababu barabara ni mbaya na wageni wanataka kufika mjini kabla ya giza. Karatasi ya mahudhurio inapitishwa. Miezi sita baadaye karatasi ileile imekuwa kiambatisho cha ripoti chini ya kichwa kinachosema jamii imeridhia.

Orodha ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu walikuja. Basi. Ridhaa iandikwe kwenye karatasi yake, siku yake, baada ya watu kurudi nyumbani, kulala, kugombana na kuulizana. Ukiona vigumu kurudi mara ya pili, tayari umekwisha kuamua bila wao, na ni heri useme hivyo wazi.

Tena acha kumwita chefu peke yake. Chefu anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado asiwe mwenye ardhi. Katika vijiji vingi vya Tshopo msitu una wenyewe, ukoo kwa ukoo, na mipaka yao inafuata vijito na miti ambayo haimo katika ramani ya mtu yeyote. Mwanamke anayechuma majani ya fumbwa anajua kona za msitu ambazo mumewe hajawahi kuzikanyaga. Mvuvi naye. Mganga naye.

Fanya: pima hapa, usiazime kipimo cha kwingine

Mwaka 2013 kundi la watafiti lililofanya kazi Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani ukishuka na mto, lilichapisha jambo ambalo lingepaswa kusomwa mwanzo wa kila semina ya kaboni. Ili kukadiria kaboni ya msitu, kwa kawaida mtu hupima unene wa shina, kisha hukisia urefu wa mti kwa kanuni iliyotokana na misitu mingine. Hao wa Yangambi walipima na urefu wenyewe. Wakakuta miti ya hapa ni mifupi kuliko kanuni inavyosema: kwa unene uleule, mti wa kwetu haupandi juu kiasi kile. Hesabu ya msitu mkongwe ikasimama kwenye takribani tani 162 za kaboni kwa hekta, kwa sehemu iliyo juu ya ardhi. Kanuni za kuazima zilikuwa zinaujaza msitu wetu kaboni ambayo haipo.

Sasa mfikirie mzee wa Isangi ambaye ameahidiwa shule na zahanati kwa fedha za kaboni, na ahadi hiyo imejengwa juu ya kanuni ya kuazima. Kaboni ikipungua kwenye karatasi, nani atakwenda kumwambia kwamba paa la zahanati lilikuwa kosa la hesabu?

Nchi yetu inazungumziwa katika mikutano mikubwa ya dunia tangu Rio mwaka 1992. Lakini mnara wa kwanza katika Bonde la Kongo wa kupima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni, ule wa mita 55 uliosimamishwa Yangambi, ulianza kazi mwaka 2020. Miaka 28. Katika muda wote huo maamuzi yalifanyika, mikataba ikasainiwa, fedha zikaahidiwa, na msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani ulikuwa unakisiwa. Wanaosema utafiti wa nchini ni anasa waitazame tarehe hiyo vizuri. Na serikali inayojivunia mnara ule mbele ya wageni ilipe mishahara ya watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kwa wakati.

Usilinyooshe shamba la mtu kwa kamba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili tulifanyiwa zamani na sasa tunafanyiana wenyewe.

Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji, mwaka 1933 na kuweka makao yake ya utafiti Yangambi. Kilikuwa kituo kikubwa: mashamba ya majaribio, kahawa, michikichi, hifadhi ya mimea iliyokaushwa ambayo mpaka leo ina vielelezo kama 150,000. Wataalamu wa pale hawakuwa wajinga. Waliwatazama Waturumbu, wenyeji wa pale, wakilima: mtu anafyeka kipande cha msitu, anapanda mpunga, mihogo, ndizi, kisha analiacha shamba lirudi kuwa msitu kwa miaka mingi kabla ya kulirudia. Wakaona hilo si uvivu wala uharibifu, ni akili. Kufikia hapo, sifa zao wapewe.

Kisha, katika miaka ya 1940, wakaichukua akili ile na kuipanga kwa kamba na vigingi. Msitu ukagawanywa vipande virefu vya upana wa mita 100, vinavyoelekea mashariki na magharibi ili jua liingie vizuri. Kipande hiki kilimwe, kile kipumzike, kwa ratiba. Familia hii ikae hapa, ile pale. Korido, ndivyo zilivyoitwa. Kwenye mchoro zilipendeza mno, na wageni waliletwa kuzitazama.

Ila mkulima halimi jiometri. Analima penye udongo ambao mguu wake unaujua, anapita mbali na kaburi la babu yake, anakaa karibu na shemeji anayemsaidia kufyeka na mbali na jirani anayemshuku uchawi. Mambo hayo yote yalikuwa ndani ya ule mfumo wa zamani, na wataalamu walichukua sehemu iliyopimika tu: miaka ya kupumzisha udongo. Sehemu isiyopimika wakaitupa. Dola ya kikoloni ilikuwa na njia za kumshurutisha mkulima afuate mstari. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 na mshurutishaji akaondoka, korido zikaachwa, na msitu ukazifunika.

Sayansi ile haikuwa ya uongo, na hilo ndilo la kujifunza. Vipimo vya udongo vilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza Waturumbu wanataka kuishi vipi. Leo kamba imegeuka simu yenye GPS, na kijana mwenye shahada anazunguka kijiji kwa siku mbili, kisha anarudi na ramani ya matumizi ya ardhi: kijani kwa hifadhi, njano kwa kilimo, kahawia kwa makazi. Akikuletea ramani hiyo, mwulize kila mstari umepitishwa na nani. Asipojua jina la mtu aliyeonyesha mpaka, mrudishe kijijini.

Fanya: anza na jina ambalo wenyeji wanaliita

Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakizunguka bonde la Lomami walimkuta nyani mdogo amefungwa nyumbani kwa mwalimu huko Opala. Sayansi haikumjua. Wawindaji walimjua siku nyingi. Kwao aliitwa lesula, na jina hilo ndilo lililobaki alipotangazwa rasmi mwaka 2012 kuwa spishi mpya, Cercopithecus lomamiensis. Miaka minne baadaye, Julai 2016, Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilianzishwa kati ya Tshopo na Maniema, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 8,800. Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na miaka ya kuzungumza na vijiji, na palepale penye haja wazee walifanya tambiko ili mababu waombwe ruhusa.

Kuna mabwana wa miradi wanaocheka tambiko. Wacheke. Hakuna karatasi ya ACE inayoweza kufanya kazi ambayo tambiko linaifanya: kuwaita wote wenye neno, mbele ya wote, na kumfanya kila mmoja ashuhudie alichokubali mwenzake.

Wala usigeukie upande wa pili na kumfanya mzee kuwa kitabu kitakatifu. Mzee anaweza kukuambia wanyama wapo tele kwa sababu anakumbuka mwaka 1975. Mwindaji anaweza kukuambia hakuna tatizo kwa sababu ana mtoto wa kumlipia shule. Neno la mwenyeji lipimwe kama neno la profesa linavyopimwa, kwa heshima ileile na kwa ukali uleule. Kumkubalia mtu kila kitu kwa sababu ni mwenyeji ni namna nyingine ya kumdharau.

Usipige marufuku makaa kabla hujasema chungu kitapikiwa nini

Kisangani inapika kwa makaa na kuni. Kina mama wa Mangobo na Kabondo wanayaona mashina yakija kutoka mbali zaidi kila mwaka, na bei ya gunia inawaambia kitu kilekile ambacho satelaiti inamwambia mtaalamu. Mji una bwawa la umeme kwenye mto Tshopo tangu enzi za Wabelgiji na bado mitaa inalala gizani. Marufuku inayotolewa katika hali hii inampa polisi wa kizuizini kipato kipya, haiokoi mti hata mmoja. Kule Yangambi watu wamesaidiwa kupanda akasia za kuni na makaa. Upande huo ndiko amri ielekee kwanza. Yatosha.

Usigawe ardhi kwa karatasi ambayo majirani hawajaiona

Februari 2023, ng'ambo ya mto katika komuni ya Lubunga, ugomvi uliotokana na ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo ulizuka kati ya Wambole na Walengola. Watu waliokuwa wakioana na kuzikana walichomeana nyumba. Wengi waliuawa, maelfu walikimbilia ng'ambo hii na kulala kambini, na mashamba yaliyoulisha mji yakabaki bila mtu.

Sitaki kusikia kwamba hilo lilikuwa jambo la makabila na halihusu mazingira. Kuamua msitu upi ugeuke shamba, la ukubwa gani na la nani, ni uamuzi wa mazingira kuliko mwingine wowote. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa Dola. Desturi inasema ni wa ukoo. Na anayetaka ardhi huingia katika ufa ulio kati ya maneno hayo mawili, anampata mtu wa kusaini upande mmoja, na kuwaachia wanakijiji wauane upande wa pili.

Kwa hiyo: ombi lolote la ardhi lisomwe kwa sauti katika vijiji vyote vinavyopakana nayo, si kile kimoja tu kilichokubali kuuza. Jamii ambazo hazijapata karatasi zisaidiwe kuzipata. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kumiliki konsesheni ya msitu ya hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Ni moja ya sheria nzuri tulizonazo. Na mpaka wa konsesheni hiyo nao ukubaliwe na majirani kabla ya kuchapwa. La sivyo tunapanda mbegu ya Lubunga nyingine kwa mkono wa msaada.

Fanya: mpe mtu asiye na hisa katika dhahabu kazi ya kupima mto

Mto Aruwimi una mashine za kuchimbua dhahabu kutoka sakafu ya mto. Wanaokaa kando yake wanaona maji yamebadilika rangi na nyavu zinatoka tupu. Wasichoweza kukiona kwa macho ni zebaki, ile ambayo wachimbaji hutumia kukamatia chembe za dhahabu. Ikishuka kwenye tope, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki mdogo, ikajilimbikiza kwa samaki mkubwa, ikamaliza safari yake kwa mama mjamzito. Samaki wa namna hiyo haonyeshi dalili: hanuki, hana rangi ya ajabu, ananukia vizuri sana kwenye mawese.

Ndiyo maana hapa sauti ya wananchi peke yake haitoshi. Mkutano wa kijiji hauwezi kugundua zebaki. Inahitajika maabara, sampuli za samaki, sampuli za nywele, mwaka hadi mwaka, katika vituo vilevile. Na maabara hiyo isilipwe na mwenye mashine.

Kama unaona nazidisha, nenda Minamata, Japani. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda cha Chisso, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda yenye zebaki. Paka akaugua ugonjwa uleule uliokuwa unawapinda watoto wa wavuvi. Sayansi ilikuwa imejibu. Lakini jibu lilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ikalifungia. Serikali ya Japani ilikuja kukiri rasmi mwaka 1968 kwamba kiwanda ndicho kilichosababisha ugonjwa huo. Miaka tisa watu waliendelea kula samaki walewale.

Sisi tuna Chuo Kikuu cha Kisangani, tuna Kituo chake cha Uangalizi wa Bayoanuwai, tuna wanafunzi wa biolojia wanaotafuta mada ya kuandikia. Mwaka 2010 wanasayansi wengi walipanda mashua hapahapa Kisangani kwa safari ya Boyekoli Ebale Congo, kuuchunguza mto na viumbe vyake. Uwezo upo. Kinachokosekana ni bajeti ya kudumu na afisa mwenye ujasiri wa kubandika matokeo kwenye ukuta wa soko la Banalia.

Usisubiri maji yafike magotini ili uamini

Mwisho wa Desemba 2023, Idara ya Njia za Maji, RVF, ilionya kwamba mto Kongo unapanda kupita kiasi. Wiki chache baadaye, Januari 2024, Kinshasa ilipima mita 6.20, chini kidogo ya mita 6.26 za mwaka 1961, na vijiji vya kando ya mto katika mkoa wetu navyo viliingia maji. Kipimo kilikuwepo. Onyo lilitolewa. Halikugeuka mitumbwi, dawa, wala amri ya kuhamia penye mwinuko. Onyo lililobaki ofisini ni takataka.

Wavuvi wa Wagenia, wanaotega mitego yao ya vikapu kwenye miti iliyosimikwa kati ya maporomoko, wanausoma mto kila siku kwa mikono. Waunganishwe na wenye vipimo, kwa simu, kwa redio za hapa mjini, kabla ya msimu mwingine.

Fanya: rudisha matokeo

Kati ya mwaka 1937 na miaka ya 1950, huko Yangambi kulikuwa na watu waliokwenda msituni kila wiki kuangalia mti mmoja mmoja: umechanua, umezaa, umepukutisha majani. Daftari zile zimesomwa upya miaka ya karibuni na watu wa kujitolea duniani kote kwa njia ya intaneti, na sasa ni hazina ya wale wanaochunguza mabadiliko ya tabianchi. Vizuri sana. Je, nani amezirudisha kwa shule za Yangambi? Mtoto wa pale anajua kwamba huenda babu yake ndiye aliyehesabu maua hayo?

Tasnifu zilizoandikwa juu ya misitu ya Masako na Yoko, zote karibu na mji, zinajaza rafu. Vijiji vinavyopakana na misitu hiyo havijaona ukurasa. Mtafiti: ukichukua sampuli, rudi na jibu. Liwe kurasa mbili, kwa Kilingala au Kiswahili, lisomwe kwa sauti. Walokele wa huku walipeleka habari kijiji hadi kijiji kwa ngoma, kwa ufasaha ambao John Carrington wa misheni ya Yakusu aliuandikia kitabu kizima mwaka 1949. Watu waliofanya mbao ziongee hawawezi kushindwa kuelewa jedwali lako. Wewe ndiye uliyeshindwa kulieleza.

Usiuze kaboni usiyoweza kuieleza kwa mama mwenye shamba

Mama akuulize: mnanunua nini kwangu? Nikikubali, ni kipi nisifanye, na kwa miaka mingapi? Fedha zinapita kwa nani kabla ya kunifikia? Mtoto wangu akitaka kufyeka shamba la harusi yake, atafungwa? Ukiona unakimbilia maneno ya Kifaransa ili kujibu, funga faili.

Hayo ni kwa watu wa miradi. Serikali nayo isijione imepona. Mwaka 2017 dunia ilitangaziwa ukubwa wa ardhi ya peti iliyo katikati ya bonde la Kongo, ile mboji nyeusi ya kinamasi inayoshikilia kaboni ya karibu tani bilioni 30 katika nchi zote mbili za Kongo. Profesa Corneille Ewango wa Kisangani, aliyepata Tuzo ya Goldman mwaka 2005 kwa kuilinda Hifadhi ya Okapi wakati wa vita, ni mmoja wa waliotumbukiza miguu kwenye kinamasi hicho ili ramani yake iwe ya kweli. Julai 2022 serikali ikatangaza mnada wa vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine vikiwa juu ya peti hiyohiyo. Oktoba 2024 mnada wa mafuta ukafutwa, na mwaka uliofuata milango ya vitalu vingine ikafunguliwa. Nani aliulizwa ulipofunguliwa? Nani aliulizwa ulipofungwa? Wanasayansi walisoma gazetini, na wanakijiji walisikia redioni.

Fanya: uliza maswali ya Ukanda wa Kijani sasa, si baadaye

Januari 2025 ulitangazwa Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo la kulindwa la zaidi ya kilomita za mraba 540,000, linalokaribia ukubwa wa Kenya nzima, na mto wetu ndio uti wake. Rais Tshisekedi aliusifia huko Davos. Kisangani imo ndani. Uliza, kila ofisi unayoingia: mipaka iko wapi chini, siyo kwenye picha? Konsesheni za mbao zilizomo zinabaki au zinaondoka, na je, zile ambazo ukaguzi wa Inspekta Mkuu wa Fedha uliotolewa Aprili 2022 ulionyesha zilitolewa kinyume cha sheria? Nani atapima kama msitu unapona, na atalipwa na nani? Kijiji kikisema hapana, hapana hiyo inaandikwa wapi?

Fanya: andika jina la aliyekataa

Chukua kumbukumbu za mikutano ya miradi mkoani, zile zinazohifadhiwa kwenye faili za kijani. Wote wamekubali. Kila mahali, kila mwaka, kwa kauli moja. Hakuna kijiji duniani kinachokubaliana hivyo hata juu ya siku ya kufagia njia.

Kwa hiyo kumbukumbu ya mkutano iwe na sehemu ya waliokataa: jina kama mwenyewe ameridhia litajwe, ukoo wake, sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, na jibu alilopewa. Kama sababu yake ni jambo la kupimika, kwa mfano anasema kisima kitakauka, basi lipimwe, na anayekwenda kupima aende naye. Kama si la kupimika, kama anasema pale wamelala wazazi wake, lisitafutiwe kipimo. Lijadiliwe kama lilivyo. Nakala tatu: moja ibaki kwa katibu wa kijiji ndani ya mfuko wa nailoni usioingia maji, moja ipelekwe ofisi ya mazingira ya mkoa, moja maktaba ya Chuo Kikuu, mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuifungua bila kuomba kibali cha mtu.